Kipimo cha Bati: Mafunzo Saba Tangu Niokoke

Niliokoka mwaka 1994 kwenye mkutano wa injili, Viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na duka langu la vifaa vya ujenzi lilikuwa halijafikisha mwaka. Nilikwenda mbele nikilia. Kilio kile kilikuwa cha kweli na sijawahi kukionea aibu. Ila usiku ule nilirudi nyumbani nikiamini kwamba safari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza nilikuwa nimefika stendi.

Tangu hapo nimekuwa mwanakwaya, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mtunza hazina na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Ukiniuliza ni lini nilianza kukua kiroho, sitakutajia hata kimojawapo cha hivyo. Nitakutajia swali moja nililoulizwa mwaka 1999 nje ya kanisa, watu wakiwa wanasalimiana kabla ya kutawanyika.

Aliyeniuliza alikuwa bibi mmoja wa Kihaya. Aliokoka akiwa msichana mdogo Bukoba, katika Uamsho ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wa Uamsho wana namna yao ya kuongea na mtu. Hawakuulizi umeomba saa ngapi au umefunga siku ngapi. Wanakuuliza unatembeaje na Bwana, na kabla hujamaliza kujibu wanakuuliza unatembeaje na mkeo. Nilimwamkia, akaitikia, akaegemea fimbo yake na kunitazama.

"Mjukuu wangu, mara ya mwisho kutengeneza ilikuwa lini? Na ulitengeneza na nani?"

Kwa watu wa Uamsho, kutengeneza ni kumwendea uliyemkosea, kulitaja kosa kwa jina lake, na kurudisha kinachoweza kurudishwa. Nilikuwa na miaka mitano katika wokovu. Nilitafuta jibu, nikakosa hata moja.

1. Niliyemwona amelala ndiye aliyekuwa macho

Krismasi ya 1994 nilipanda basi kwenda nyumbani Machame, kwapani nina Biblia mpya yenye zipu. Baba yangu alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani. Kila alfajiri kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe aliketi kwenye kigoda jikoni, akasema Amri Kumi, Imani ya Mitume na Baba Yetu kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu jambo asilotaka kulikosea. Mimi niliisikia sauti ile tangu tumboni mwa mama, kwa hiyo nilikuwa nimeacha kuisikia.

Siku ya pili ya sikukuu nilimwambia baba, mbele ya mama, kaka yangu na wadogo zangu, kwamba dini haimwokoi mtu. Nikamwambia maombi ya kukariri hayapiti darini. Nilisema kwa ujasiri, nikidhani huo ndio ushuhuda. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Umeshakula?"

Baadaye sana, nikiwa mwalimu wa watoto, ndipo nilipojua historia ya maneno yale. Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzungukia sharika za Saksonia na kukuta watu, wakiwemo baadhi ya wachungaji wao, hawajui hata Baba Yetu. Aliiandika ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kazi ile ndiyo aliyokuwa akiifanya baba yangu pale kwenye kigoda, karne zaidi ya nne baadaye, mguuni pa Kilimanjaro, na watoto sita wakaijua kwa kumsikia tu. Kwa mizizi ya namna hiyo mti hauhitaji kupiga kelele upepo ukija.

Nilimwomba radhi mwaka 2000. Miaka sita ilikuwa imepita. Aliitika kwa kichwa, akaniambia nimshikie kamba ya ndama.

2. Vidole vilijua kabla moyo haujakiri

Wasiofanya biashara hii wanisamehe nikieleza kidogo. Bati huuzwa kwa geji, na namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Mteja wa kawaida huambiwa na fundi wake, "Nunua geji 30." Hana cha kupimia. Anasoma kilichoandikwa, anamwamini muuzaji.

Kati ya 1996 na 1999 nilikuwa nikipokea bati lililopigwa chapa ya geji 30 ambalo wembamba wake ulikuwa wa 32. Aliyekuuzia kwa jumla hakusema neno. Alikutajia bei, na bei ndiyo iliyokwambia ukweli. Wengi tulilichukua, tukaliuza kwa bei ya geji 30. Mimi pia. Na kila mwezi nilitoa fungu la kumi la faida ile, kwa uaminifu mkubwa, nikimshukuru Mungu kwa kunifungulia milango.

Swali la bibi lilipokaa ndani yangu wiki mbili, nilisoma Waebrania sura ya 5. Mwandishi anawakemea watu ambao kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa walimu, ila bado wananyweshwa maziwa. Halafu anaeleza mtu mzima ni nani: yule ambaye fahamu zake zimezoezwa kwa kutumiwa hata zikaweza kupambanua mema na mabaya. Nilikuwa nimesoma mahali pale mara nyingi na kufikiri habari za elimu ya Biblia. Safari hii nilifikiri habari za vidole vyangu. Ungenipa bati mbili gizani, ningekwambia kwa kuzigusa ipi ni 30 na ipi ni 32. Vidole vilikuwa vimezoezwa. Nilikuwa nimevizoeza kupambanua, kisha nikaizoeza dhamiri kunyamaza.

Nilifungua vitabu vya risiti. Walionunua bati zile na wakaacha jina au mtaa walikuwa kumi na mmoja. Nilimweleza mke wangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ada ya watoto itatoka wapi, na lilikuwa swali la haki. Tulikubaliana kurudisha tofauti ya bei kidogo kidogo. Tulimaliza baada ya miezi kumi na minne.

Wa kwanza alikuwa mama lishe wa Kimara aliyenunua bati ishirini na nane. Nilimkuta anamenya viazi. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasema nilichokuja kusema: mama, nilikuuzia geji 32 kwa bei ya geji 30, na nilikuwa najua. Aliacha kisu, akainua macho kwenye paa.

"Ndiyo maana linapiga kelele upepo ukivuma?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani ni yule fundi." Akakaa kimya. "Nilimnyima hela yake ya mwisho. Nilimwambia kapigilia vibaya. Nikamtangaza mtaa mzima kwamba ni mwizi."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikwenda nimebeba dhambi ya shilingi, nikaikuta imezaa. Mtu mwingine, nisiyemjua hata sura, alikuwa amekosa ujira wake na jina lake zuri kwa sababu ya bati langu. Tulimtafuta yule fundi pamoja, mimi na yule mama, Jumapili tatu mfululizo, mpaka tukampata Mbezi. Mama alimlipa baki yake. Mimi nilimwomba msamaha mbele ya vijana wake. Alisema, "Haya, yamepita," akaendelea kupiga msumari. Sijui kama yalipita.

Kati ya wale kumi na mmoja niliwapata saba. Mmoja alinifukuza. Wateja wasio na risiti siwezi kuwahesabu, na ninapopita kwenye maeneo yale natazama mapaa.

Kuna shuhuda nyingi ambazo hufika hapa zikasema: baada ya hapo Mungu akanirudishia mara mbili. Lazima niseme ukweli. Mafundi waliozoea kuniletea wateja waliona nimekuwa mgumu, wakahamia maduka mengine. Mwaka uliofuata tulihama nyumba tuliyopanga tukaenda kwenye ndogo zaidi. Nilichopata ni kwamba nilianza kuweza kusali peke yangu kwa utulivu. Zamani nilikuwa nahitaji kesha lenye spika kubwa, na nilikuwa sijajua kwa nini.

3. Sadaka inayoonekana na deni lisiloonekana

Anayejua ibada zetu anajua mnada. Watu wanaleta kuku, mayai, mkungu wa ndizi, mzee wa kanisa anavinadi nje baada ya ibada. Ni jambo zuri. Nimemwona bibi mwenye mayai sita akirudishiwa mayai yake na mnunuzi aliyeyalipia mara kumi, na wote wawili wakaondoka na furaha.

Mimi nilipenda kununua jogoo. Nilipandisha bei mpaka watu wakapiga vigelegele. Jumapili moja nikiwa nimemshika jogoo miguu, macho yangu yalikutana na ya kijana aliyekuwa akibeba saruji dukani kwangu. Nilikuwa namcheleweshea mshahara kwa mwezi wa pili, nikimwambia biashara ni ngumu, avumilie. Hakusema kitu. Yakobo anaandika katika sura ya 5 kwamba ujira wa vibarua uliozuiwa unapiga kelele, na kelele zake zinafika masikioni mwa Bwana. Nilizisikia pale pale katikati ya vigelegele. Tangu siku hiyo mshahara unatoka tarehe 28, na mnadani nanunua mayai.

4. Nilihama, nikapotea bila mtu kujua

Mwaka 2004 tulimzika mtoto wetu wa tatu. Alikuwa na miezi minne. Sitaandika mengi juu ya hilo, mama yake bado hajapenda liandikwe.

Baada ya msiba niliacha usharika. Sikugombana na mtu. Nilitaka mahali ambapo ningeambiwa ni kwa nini, na ambapo ningeahidiwa kwamba halitatokea tena. Nilizunguka miaka mitatu, huduma moja baada ya nyingine, nikinunua mafuta na maji ya maombezi, nikiandika majina ya adui zangu kwenye karatasi niliyoambiwa niilete. Kati ya watu waliokuwa pale wapo waliompenda Mungu kwa dhati, siwahukumu. Ila mle ndani nilikuwa mmoja wa maelfu. Hakuna aliyejua duka langu liko wapi, wala mke wangu anaitwa nani. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza natembeaje, na mimi nilikuwa nimepumzika kuulizwa.

Katika miaka ile mitatu sikutengeneza na mtu hata mmoja. Nilikuwa na adui wa kiroho wengi sana hata nikasahau kwamba na mimi hukosea.

Aliyenirudisha ni bibi yule yule. Alikuwa amepita themanini. Alipanda daladala mbili na mjukuu wake, akafika nyumbani, akaketi. Alikaa karibu saa mbili, akanywa chai, akamshika mke wangu mkono. Hakunihubiria. Alipoinuka alisema tu kwamba jumuiya yetu bado inakutana Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, na kwamba wiki ile ni zamu ya kwake.

Mkristo anakua mahali anapojulikana. Nasema hivi kwa uzito wote. Katika jumuiya ya kaya kumi na tano huwezi kuficha hasira zako mwaka mzima. Watoto wenu wanasoma pamoja, mnaazimana jenereta, mnazikana. Yule anayekukera kwa sala yake ndefu ndiye utakayemkuta hospitalini ameshika chupa ya uji wa mgonjwa wako.

5. Ukavu si lazima uwe adhabu

Nilirudi, lakini moyo haukurudi na miguu. Nilisali na ilikuwa kama kuongea na ukuta. Iliendelea hivyo miaka miwili hivi. Zamani ningesema nimerudi nyuma, nikatafuta mahali pa kuwashwa tena.

Mwaka 2008 nilikwenda Mombasa kutazama bei za bidhaa. Mwenyeji wangu, Mrabai, akanipeleka kwao Rabai, nyuma ya jiji, mahali palipo na kanisa la kale la wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti wa pwani. Hapo ndipo nilipokutana vizuri na habari za Johannes Rebmann. Nilimjua kwa jambo moja tu, kama Mchaga yeyote aliyesoma: ni yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika, na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini.

Mengine sikuyajua. Alimkuta pwani Ludwig Krapf, aliyetua Mombasa mwaka 1844 na ndani ya miezi michache akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Niliposikia habari ya mtoto nilitoka nje kwa muda. Rebmann alifika mwaka 1846. Krapf aliondoka, yeye akabaki. Alibaki hadi mwaka 1875, karibu miaka thelathini, akikusanya maneno ya kamusi, akifundisha watu wachache sana, waongofu wake wa kuhesabika kwa vidole. Aliondoka akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata.

Nilihesabu nikiwa nimeketi kivulini. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Rebmann alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na saba. Watu wa mlima aliouona wangekuja kumwimbia Mungu wake kwa maelfu, na baba yangu angekaa kwenye kigoda chake alfajiri, na yeye hakuona chochote cha hayo. Aliamka tu kila siku akafanya kazi ya siku ile.

Sijilinganishi naye. Ila nilirudi Dar es Salaam nimeacha kuidai sala yangu inilipe kila asubuhi. Nilichukua maneno ya baba: Amri, Imani, Baba Yetu. Siku ambazo sikuwa na maneno yangu mwenyewe nilisema yale, kwa sauti ya chini, mara nyingine bila kuhisi kitu. Maombi niliyosema hayapiti darini ndiyo yaliyonishika. Ukavu uliisha polepole sana, hata siwezi kukutajia mwezi.

6. Isale liko pale pale mnapogombania

Baba alifariki mwaka 2002. Mwaka uliofuata kaka yangu alisogeza mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Kati ya eneo lake na langu kulikuwa na mstari wa masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo Wachaga tunaipanda mpakani tangu mababu. Alipanda mapya hatua kadhaa ndani ya upande wangu, na migomba mitatu na mibuni minne ikawa yake. Nilimwita mwizi mbele ya ukoo. Yeye aliniita mtu wa mjini anayekuja Krismasi kutembea kwenye jasho la wenzake. Tuliacha kusalimiana.

Miaka tisa. Nilipokuwa mzee wa kanisa nilisaidia kuandaa Meza ya Bwana, nikaishiriki mara moja kwa mwezi. Piga hesabu, hata ukiitoa ile miaka mitatu niliyozunguka: zaidi ya mara sitini nilikula na kunywa huku nikijua vizuri Mathayo 5, pale Bwana anapoagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Nilijiambia kwamba mkosaji ni yeye, kwa hiyo wa kwenda ni yeye. Soma tena mahali pale uone. Bwana anamtuma yule anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Kaka yangu alikuwa na neno juu yangu: nilimwita mwizi mbele ya watoto wake.

Desemba 2012 nilimwambia mama nataka kwenda kwa kaka ila sijui nianzeje. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Chukua isale," akasema.

Kwetu, mtu aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani la isale kuomba msamaha, na anayeletewa hatakiwi kulikataa. Nilisita. Niliuliza kama mzee wa kanisa anaweza kwenda na jani la jadi. Mama aliniangalia kwa mshangao. "Mwanangu, jani si mungu. Jani linasema ulichoshindwa kusema miaka yote hii. Na huna haja ya kwenda mbali kulitafuta. Isale liko mpakani, pale pale mnapogombania."

Nilikwenda mpakani. Nilikata jani kwenye masale yale mapya, aliyoyapanda yeye. Mkono ulikuwa mzito. Kulikata pale ilikuwa kama kukubali kwamba mpaka ni huo. Nilimkuta kaka amekaa nje na mkewe. Nilipiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, nikasema, "Kaka, nilikuita mwizi mbele ya watoto wako. Naomba unisamehe."

Sikutaja mpaka. Nilikuwa nimeapa njiani kutoutaja, na kuuzuia ulimi usiutaje lilikuwa jambo gumu kuliko kupiga magoti.

Alilipokea. Alilishika muda mrefu, akaligeuza geuza. Kisha akamwambia shemeji alete maziwa.

Mpaka haukurudi. Migomba na mibuni ni yake hadi leo, na mwenyewe hajawahi kuniomba radhi. Kwa miaka miwili ya kwanza nilikuwa nangoja, na kila nikipita pale nilihesabu mibuni. Siku hizi silazimiki kuihesabu. Mwaka 2019 mtoto wake wa kwanza alipokuja Dar es Salaam kusoma, alikaa kwangu miaka mitatu, na ni kaka aliyenipigia simu mwenyewe kuomba. Labda kule ndiko kutengeneza kwake. Sijamuuliza.

7. Nilianza kuutazama muda

Bibi alifariki mwaka 2010, kwa hiyo habari ya isale sikuwahi kumsimulia. Ila swali lake nimelitumia kama tulivyokuwa tukitumia risiti kufunga hesabu za mwezi. Baba nilimwendea baada ya miaka sita. Wateja wa bati, miaka mitatu. Kaka, miaka tisa. Kijana wa saruji, miezi miwili.

Sijawa mtu asiyekosa. Mke wangu atakusimulia. Ninachokiona, na ninamshukuru Mungu kwa hicho kuliko kwa cheo chochote nilichopewa kanisani, ni kwamba muda kati ya kosa na kutengeneza unafupika. Zamani nilipima ukuaji kwa saa za maombi. Siku hizi natazama umbali huo tu.

Jumamosi iliyopita nilimkaripia kijana wa dukani mbele ya wateja. Alikuwa amepima misumari kilo mbili pungufu kidogo, nami nikamwambia neno baya mno, lile lile lililonifunga miaka tisa na kaka. Mizani ilikuwa imelegea. Kosa halikuwa lake. Niligundua nilipokuwa nafunga, yeye akiwa ameshaondoka. Nilipanda daladala. Nilipofika Kibamba nilishuka, nikavuka barabara, nikapanda inayorudi, nikaenda hadi anapopanga. Ilikuwa saa tatu usiku. Alitoka na taulo begani, akashtuka kuniona.

"Shikamoo mzee. Kuna tatizo dukani?"

"Marahaba. Tatizo liko kwangu," nikamwambia. "Una dakika?"

Akavuta ndoo mbili, akazigeuza, tukakaa.